Blu-ray au DVD iendelee? Anza kwa kupima kochi

Kabla ya kuulizia bei ya deki yoyote, chukua futi kamba upime kutoka kichwa cha anayekaa kwenye kochi hadi kioo cha TV. Kipimo hicho ndicho kitakachoamua kama Blu-ray, diski ya filamu yenye picha kali kuliko DVD, ina faida kwako au ni pesa ya kutupa, na kitakwambia ukweli kuliko muuzaji yeyote.

Hesabu yake ni nyepesi. Jicho zima huacha kuona pikseli (vidoti vinavyounda picha) za DVD mtazamaji akiwa mbali zaidi ya takriban mara tatu ya ulalo wa kioo, yaani kipimo cha kona hadi kona. Kwa Blu-ray ya kawaida mpaka huo ni kama mara moja na nusu, na kwa 4K, yenye pikseli mara nne ya hiyo, ni robo tatu tu ya ulalo. TV ya inchi 32 ina ulalo wa sentimita 81, kwa hiyo ukikaa zaidi ya mita 2.4, DVD iliyorekodiwa vizuri na Blu-ray zitakaribia kufanana. Isitoshe, TV nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768, yaani haziwezi hata kuonyesha picha yote iliyomo kwenye diski ya Blu-ray. Mwenye TV ya namna hiyo abaki na DVD yake, na akipata pesa anunue kwanza TV.

Hali hubadilika ukifika inchi 43. Hapo mpaka wa DVD ni mita 3.2 na wa Blu-ray ni mita 1.7. Kochi likiwa mita 2 hadi 3 kutoka kwenye TV, tofauti inaonekana bila kuambiwa uitafute: nywele, maandishi ya mabango barabarani, sura za watu walio mbali na kamera. Kwa inchi 55, DVD huanza kuonekana imefifia hata ukiwa mita 4, na Blu-ray inakutosheleza mpaka ukaribie mita 2.2. Ukikaa mbali zaidi ya hapo, pikseli za ziada za 4K hazikufikii jichoni. Faida ya 4K kwa mtu huyo itatoka kwenye rangi na mwangaza, na hilo lina masharti yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa sebule nyingi zenye TV ya inchi 43 hadi 55, hatua yenye thamani ni kutoka DVD kwenda Blu-ray ya kawaida ya 1080p (mistari 1080 ya pikseli). Hatua ya pili, ya kwenda 4K, ni ya mwenye TV kubwa, nzuri kweli, na mfumo wa sauti unaoeleweka.

Tofauti yenyewe inatoka wapi? DVD ya mfumo wa PAL, unaotumika kwetu, ina pikseli 720 kwa 576. Blu-ray ina 1920 kwa 1080, ambazo ukizizidisha ni mara tano kamili. Leza ya DVD ni nyekundu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, na ya Blu-ray ni ya buluu-zambarau, nanomita 405. Mwale mwembamba unasoma vishimo vidogo zaidi, ndiyo maana diski yenye kipenyo kilekile cha sentimita 12 inabeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja au 50 kwa mawili, wakati DVD inaishia 4.7 au 8.5. Picha ya DVD hairuhusiwi kuzidi megabiti 9.8 kwa sekunde, ya Blu-ray inafika 40. Tofauti hiyo ya mwisho huonekana zaidi kwenye moshi, maji yanayotembea, vumbi na giza. DVD ikifika hapo huanza kutoa viboksi-boksi, Blu-ray inapita salama.

Lipo jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji. Filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini DVD ya PAL huzichezesha kwa 25. Filamu ya dakika 100 inaisha kwa dakika 96, na mara nyingi sauti za waigizaji na muziki hupanda kidogo. Aliyezoea haoni kitu, lakini mpenda muziki wa filamu akisikia toleo la Blu-ray, lenye fremu 24 kama lilivyotoka studio, hatatamani kurudi nyuma.

Sauti, kwa maoni yangu, ndiyo nusu ya pili ya thamani ya Blu-ray, na ndiyo inayopotea kirahisi. Dolby Digital ya DVD haizidi kilobiti 448 kwa sekunde. Diski nyingi za Blu-ray zina Dolby TrueHD au DTS-HD Master Audio, ambazo zinatoa sauti ileile ya studio bila kupunguzwa chochote. Filamu za mtandaoni zenye Dolby Atmos (sauti inayokuzunguka hadi juu ya kichwa) hutumia Dolby Digital Plus, iliyobanwa. Ila ili uipate hiyo sauti kamili, lazima ipite kwenye HDMI hadi kwenye risiva (amplifaya ya spika nyingi), au ipite TV yenye eARC (tundu la HDMI linalotoa sauti kamili ya TV) hadi kwenye saundibaa inayoielewa. Waya wa optiki hauwezi kuibeba, na ARC ya kawaida, toleo la zamani la eARC, pia haiwezi.

Sabufa zetu za kawaida zina matundu ya RCA, mekundu na meupe, na deki nyingi mpya za Blu-ray hazina kabisa matundu hayo. Njia rahisi ni kutoa sauti kwenye tundu la hedifoni la TV kwenda kwenye sabufa, na kuweka sauti ya deki kwenye PCM, yaani sauti ambayo deki imeshaifungua. Itasikika vizuri, lakini ni stereo tu. Mwenye sabufa ya aina hiyo ajue kwamba analipia picha, sauti asiihesabu.

Na TV ya chogo? Deki mpya hazina njia ya picha isipokuwa HDMI. Masharti ya leseni ya Blu-ray yaliondoa njia za picha za analojia kwenye deki zilizotengenezwa baada ya 2013. Vigeuzi vya HDMI kwenda RCA vipo madukani, lakini vinairudisha picha kwenye kiwango cha DVD, na hapo hakuna ulichonunua.

Swali la mtandao halikwepeki. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa na 4K hadi 7, na wanapendekeza intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde kwa 1080p na 15 kwa 4K. Filamu ya saa mbili kwa 4K ni kama gigabaiti 14 za bando. Filamu hiyohiyo kwenye diski ya 4K, ikienda kwa wastani wa megabiti 60 kwa sekunde, ni gigabaiti 54, na haili bando hata kidogo. Mwenye faiba nyumbani anayetazama filamu mara moja na kuisahau hana sababu ya kununua diski. Anayetegemea bando la simu, au mwenye filamu anazorudia kila mwaka na watoto wake, diski inamlipa. Na ikishakuwa kabatini kwako, hakuna wa kuiondoa kwa sababu mkataba wa haki umeisha.

Sasa deki ya kununua. Hapa ndipo watu wa Afrika Mashariki huumia, kwa sababu ndugu aliye nje anatuma kitu kizuri kisichofaa. Blu-ray imegawanywa kwa kanda tatu. Afrika yote, Ulaya, Mashariki ya Kati na Australia ni kanda B. Marekani na Japani ni A. India, China na Urusi ni C. Deki iliyonunuliwa Uingereza, Dubai au Muscat ni ya kanda B, umeme wake ni wa volti 220 hadi 240, na plagi yake ya meno matatu ya bapa inaingia kwenye soketi za Tanzania, Kenya na Uganda bila adapta. Deki iliyonunuliwa Marekani husoma kanda A, na nyingi zimeandikwa nyuma 120V 60Hz. Ukiichomeka moja kwa moja, inaungua siku hiyohiyo. Mwambie ndugu asome kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa: kama hakuna 100-240V au 220-240V, airudishe rafuni.

Kwenye DVD mgawanyo ni tofauti: Uingereza na nchi za Ghuba ni kanda 2, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ni kanda 5. Deki ya Blu-ray kutoka London inaweza kukataa DVD halisi ya kanda 5. Diski zilizochomwa mtaani hazina kanda, hivyo hazina tatizo hilo. Lakini si deki zote za Blu-ray zinazosoma VCD, na Bongo Movie nyingi za zamani ziliuzwa kwa VCD. Mwenye mkusanyiko wa VCD asiitupe deki yake ya zamani.

Diski za 4K zenyewe hazina kanda kabisa, zinachezwa popote. Ila diski ya Blu-ray ya kawaida iliyomo kwenye boksi lilelile inaweza kuwa na kanda yake.

Njia ya bei nafuu ambayo wengi wanayo tayari na hawajui ni PlayStation. PS3 na PS4 zote zinasoma Blu-ray ya 1080p. PS4, hata ile ya Pro, haisomi diski za 4K. PS5 yenye mlango wa diski inasoma, ila bila Dolby Vision, mfumo wa rangi na mwangaza wa baadhi ya diski za 4K. PS4 inahitaji kuunganishwa na intaneti mara moja ili kufungua uwezo wa kucheza diski za filamu, halafu basi. Na tahadhari: karibu michezo yote ya konsoli hizi haina kanda, lakini filamu zinazo. PS4 ya mtumba yenye modeli CUH-2115 ni ya Marekani, itasoma Blu-ray za kanda A. CUH-2116 ni ya Ulaya, ndiyo inayotufaa.

Ukinunua deki au konsoli ya mtumba, usiridhike kuona menyu. Nenda na diski mbili zako: Blu-ray halisi ya gigabaiti 50 na DVD moja. Kichwa cha leza kina mwanga tofauti kwa kila aina, na mara nyingi mmoja hufa wakati mwingine bado mzima. Cheza mwanzo wa filamu, ruka hadi katikati, kisha sura ya mwisho, na kila mahali iache iende dakika tatu. Ikigoma kuanzia katikati, huenda leza imechoka na inashindwa kuhamia tabaka la pili. Fundi atakwambia aongeze nguvu ya leza kwa kuzungusha kiskrubu chake. Usikubali, kwa kuwa kinachofuata ni leza kuungua baada ya wiki chache.

Kwa anayekwenda 4K, soko limepungua. Oppo waliacha kutengeneza deki 2018, Samsung walijitoa 2019, LG wakafuata mwishoni mwa 2024. Waliobaki wakubwa ni Sony na Panasonic. Kati yao, Panasonic DP-UB820 ndiyo ninayoiona bora kwa mtu wa kawaida mwenye nia ya kweli: ina Dolby Vision na HDR10+ (aina mbili za HDR, yaani picha yenye mwangaza na rangi pana zaidi), matundu mawili ya HDMI, na kitu wanachokiita HDR Optimiser. Hicho cha mwisho kina umuhimu mkubwa kuliko kinavyosikika. Diski nyingi za 4K zimetengenezwa kwa mwangaza wa niti (kipimo cha mwangaza) 1000 au 4000, huku TV za bei nafuu zikiishia kama 300. TV hupokea mawimbi ya HDR, huandika HDR kwenye kona, halafu picha inakuwa na giza. Wanunuzi wengi hudhani diski ni mbovu. UB820 inaishusha ile picha kwa utaratibu kabla haijafika kwenye TV, na giza linapungua.

Sony UBP-X700 ni rahisi zaidi na inasoma vizuri, lakini Dolby Vision yake lazima uiwashe na kuizima mwenyewe kwenye menyu. Ukiiacha imewashwa na kuweka diski ya HDR10, ile HDR ya kawaida, deki hulazimisha kila kitu kwenda kama Dolby Vision na rangi zinatoka zisivyo. Kero hiyo ni ya kila diski, na ingenifanya niongeze pesa nichukue Panasonic. Kama TV yako ni ya niti 300 na sauti yako ni sabufa ya RCA, usinunue yoyote kati ya hizi mbili. Blu-ray ya kawaida inakutosha.

Kufunga deki kuna mambo machache yanayoharibu kazi nzima. Waya wa HDMI uwe wa mita 2, wa kiwango cha gigabiti 18 kwa 4K. Waya mrefu wa mita 5 na kuendelea, wa bei rahisi, hutoa vidoti vyeupe vinavyometameta au kioo kuwa cheusi kwa sekunde mbili na kurudi. Risiva ya zamani isiyo na HDCP 2.2, kinga ya kuzuia kunakili, itazuia 4K isipite, ndiyo maana matundu mawili ya HDMI ni ya thamani: moja linapeleka picha kwenye TV, la pili sauti kwenye risiva.

Kwenye TV, tundu la HDMI lazima lifunguliwe ili lipokee HDR kamili. Samsung wanaita "Input Signal Plus", LG "HDMI Ultra HD Deep Colour", Sony "Enhanced format". TV nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimefunga hiyo. Kisha zima ulainishaji wa mwendo, ule unaofanya filamu ionekane kama tamthilia ya studio. Chagua "Filmmaker Mode" au "Cinema" kama ipo. Shusha "Sharpness" karibu na sifuri, kwa sababu Blu-ray haihitaji kunolewa na kunoa huko huchora mistari myeupe pembeni mwa sura za watu. Zima pia ukuzaji wa kingo; kwenye LG unauzima kwa kuwasha "Just Scan". Bila hivyo TV inakata kingo za picha na kuitanua iliyobaki, na zile pikseli za 1080p ulizozilipia zinavurugwa.

Kwenye deki, washa 24p (zile fremu 24 kwa sekunde), weka sauti kwenye Bitstream (itoke bila kufunguliwa na deki) kama una risiva au saundibaa ya maana, na uzime sauti ya ziada, ambayo hujificha kwa majina kama "BD Audio Mix". Ikiwa imewashwa, deki inachanganya sauti za menyu na ya filamu na kuibana upya, na Atmos inapotea bila taarifa yoyote.

Diski zenyewe: usinunue upya kila filamu uliyonayo. Anza na zile unazozirudia. Filamu zilizopigwa kwa mkanda wa milimita 35, hata za miaka ya 1960, zina undani mwingi ndani ya mkanda na hupendeza ajabu zikiskaniwa upya. Kinyume chake, filamu nyingi za miaka ya 2000 na 2010 zilimaliziwa kidijitali kwa 2K, kwa hiyo toleo lake la 4K ni picha iliyokuzwa. Kinachoongezeka ni rangi na mwangaza tu. Blu-ray za mwaka 2006 na 2007 pia zichunguze kabla ya kununua, kwani baadhi zilibanwa kwa MPEG-2, mbinu ileile ya DVD, kwenye gigabaiti 25 na hazitofautiani sana na DVD. Ukiona ngozi za watu zimekuwa laini kama nta, studio imefuta chembechembe za mkanda na undani umeondoka nazo. Na kwa filamu za Hollywood, usitarajie manukuu ya Kiswahili; angalia nyuma ya boksi kama Kiingereza au Kifaransa kipo.

Diski feki zinatambulika. Kasha la Blu-ray halisi ni la buluu na fupi, urefu kama sentimita 17, la 4K ni jeusi la urefu huohuo. La DVD ni sentimita 19. Kipimo cha uhakika ni kuiweka diski kwenye deki ya kawaida ya DVD. Ikicheza, umeuziwa DVD. Kuna pia Cinavia, alama iliyofichwa ndani ya sauti ya filamu, ambayo deki zote za Blu-ray tangu 2012 zinatakiwa kuitambua. Nakala iliyorekodiwa kwa kamera ukumbini, iwe kwenye diski au flashi, inaweza kukata sauti katikati na kuonyesha ujumbe wa Cinavia. Deki haijaharibika, na hakuna mpangilio wa kuuondoa.

Data ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski, wakati ya DVD iko milimita 0.6. Imewekewa utando mgumu, haikwaruziki kirahisi, lakini mkwaruzo ukipita utando huo hakuna dawa. Dawa ya meno na mashine za kusugua zinazookoa DVD huiua Blu-ray. Diski ya 4K ya gigabaiti 100 ina tabaka tatu na ni nyeti zaidi: alama ya kidole au gundi iliyobaki kutoka kiwandani inatosha kuigandisha katikati ya filamu. Kabla ya kumlaumu muuzaji, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, ikaushe kwa kitambaa laini cha miwani ukifuta kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe usizungushe. Ukanda wa pwani, Dar, Mombasa na Unguja, unyevu na chumvi vinaingia ndani ya deki pia, kwa hiyo usiiweke chini ya dirisha linaloangalia bahari.

Diski mpya wakati mwingine hukataliwa na deki yenye programu ya zamani, kwa sababu funguo za usalama zimebadilishwa. Kama nyumbani hakuna Wi-Fi, pakua programu mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji, ifungue kwenye kompyuta, inakili kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, na uichomeke deki ikiwa haina diski ndani. Fanya hivyo deki ikiwa kwenye UPS, au asubuhi ya siku ambayo mgao haujatangazwa. Umeme ukikatika programu ikiwa nusu, deki hubaki na taa inayowaka tu, na mara nyingi dawa yake ni kubadilisha bodi nzima.